Akupancha na maumivu: inasaidia maumivu gani, kwa kiasi gani, na ikilinganishwa na nini?

Mpima Ushahidi (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu.

Kila mada ya akupancha inapoletwa, mjadala hugawanyika mapema mno kati ya wanaosema kwamba tiba iliyodumu zaidi ya miaka 2000 haiwezi kuwa ya uongo na wanaosema kwamba ni mazingaombwe tu. Pande zote mbili hujibu swali moja, kwamba je, akupancha inatibu maumivu, na kwa maoni yangu swali hilo halijibiki kwa namna lilivyoulizwa. Linalojibika ni hili: maumivu ya aina gani, yakipimwa baada ya muda gani, na mgonjwa aliyechomwa sindano akilinganishwa na nani? Nimeanzisha uzi huu ili tulijadili swali hilo la pili, kwa sababu tafiti za kulijibu zipo na matokeo yake hayaziridhishi kambi zote mbili.

Kwa wasioifahamu, akupancha ni tiba ya kuchoma sindano nyembamba sana katika sehemu maalumu za mwili. Sindano hizo hazina tundu wala hazipitishi dawa; unene wake kwa kawaida ni kati ya milimita 0.16 na 0.30, na huachwa mwilini kwa dakika 20 hadi 30. Mapokeo ya Kichina huzipanga sehemu hizo katika njia ambazo nguvu ya uhai iitwayo *qi* inaaminika kupita, na Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2008 maelezo sanifu ya mahali zilipo sehemu 361. Baadhi ya wataalamu huzizungusha sindano kwa vidole, na wengine huziunganisha na umeme mdogo. Njia hizo za *qi* hazijawahi kuonekana katika mwili uliopasuliwa, na sitazitetea hapa. Hata hivyo, maelezo ya kale yanaweza kuwa na kasoro huku kitendo chenyewe kikiwa na athari halisi, kwa hiyo tusilitupe jambo zima kwa sababu ya maelezo yake.

Kuna hadithi moja ambayo lazima isahihishwe kwanza, maana hutumiwa na mashabiki kila mara. Mwezi Julai 1971 mwandishi wa gazeti la New York Times, James Reston, aliugua kidole tumbo akiwa Beijing na akafanyiwa upasuaji. Inasimuliwa kwamba alipasuliwa bila ganzi, kwa sindano za akupancha peke yake. Yeye mwenyewe aliandika kwamba madaktari walimchoma dawa za kawaida za ganzi. Akupancha ilitumika baadaye, usiku wa pili baada ya upasuaji, tumbo lilipojaa gesi na kumsumbua. Alichomwa sindano tatu, moja kwenye kiwiko cha kulia na nyingine chini ya magoti, na akaripoti kwamba alipata nafuu iliyodumu. Makala yake, iliyofuatwa na ziara ya Rais Nixon nchini China mwezi Februari 1972, ndiyo iliyowafanya Wamarekani wengi waijue tiba hii. Angalieni basi jinsi tukio la kupunguza usumbufu wa baada ya upasuaji lilivyogeuzwa kuwa muujiza wa chumba cha upasuaji.

Tafiti za kimaabara hazikuchelewa. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walikuwa wamekwisha kupendekeza kwamba uti wa mgongo una aina ya lango linaloweza kuzuia ishara za maumivu zisifike kwenye ubongo, na nadharia hiyo iliwapa watafiti namna ya kuielewa sindano pasipo kuitaja *qi*. Mwaka 1977 kikundi cha Mayer kiliwapima watu waliochochewa maumivu ya jino kwa umeme: akupancha kwenye mkono iliongeza uvumilivu wao, lakini walipopewa naloksoni, dawa inayozuia kemikali za jamii ya afyuni, athari hiyo iliondoka. Hiyo ilikuwa ishara kwamba mwili ulikuwa ukitoa endofini, yaani kemikali zake wenyewe za kupunguza maumivu. Han Jisheng na wenzake huko Beijing walionesha baadaye kwamba umeme wa mizunguko 2 kwa sekunde na ule wa mizunguko 100 kwa sekunde hutoa kemikali tofauti za jamii hiyo. Kisha mwaka 2010 maabara ya Maiken Nedergaard katika Chuo Kikuu cha Rochester iliripoti kwamba kuzungusha sindano karibu na goti la panya huongeza adenosini, kemikali ya mwili inayoweza kutuliza maumivu, katika nyama za mahali hapo, na kwamba panya waliozaliwa bila kipokezi cha kemikali hiyo hawakupata nafuu.

Yote hayo yanathibitisha kwamba sindano inaufanya mwili utende jambo. Hayathibitishi kwamba mtu mwenye mgongo unaomuuma kwa miaka atalala vizuri zaidi. Kwa hilo tunahitaji majaribio ya wagonjwa, na hapo ndipo utata unapoanza.

Nchini Ujerumani, mifuko ya bima ya afya iligharimia majaribio makubwa yaliyojulikana kwa jina la GERAC. Katika jaribio la maumivu ya kiuno, lililochapishwa mwaka 2007, wagonjwa 1,162 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu ya kuhesabika walikuwa asilimia 47.6 katika kundi la akupancha halisi, asilimia 44.2 katika kundi la akupancha bandia, ambapo sindano zilichomwa juujuu katika sehemu zisizotambuliwa na mapokeo, na asilimia 27.4 tu katika kundi lililopewa tiba ya kawaida, yaani dawa, mazoezi na fiziotherapia.

Zisomeni tena namba hizo tatu. Anayetaka kuishangilia akupancha atalinganisha 47.6 na 27.4, ilhali anayetaka kuipinga atalinganisha 47.6 na 44.2, na hakuna anayesema uongo kati yao. Wajerumani, kwa kuzingatia majaribio hayo, waliamua mwaka 2006 kwamba bima ya lazima igharimie akupancha kwa maumivu sugu ya kiuno na ya goti lililochakaa gegedu. Kwao swali lilikuwa ni nini kinachomsaidia mgonjwa kuliko anachopewa sasa, na jibu walikuwa nalo mezani.

Nawasilisha kwa mjadala.

---

Nondo Baridi

Ndugu mwanzilishi, nakushukuru kwa kuweka namba hadharani, lakini hitimisho lako naliona la huruma mno. Dawa mpya ya vidonge ikishindwa kukishinda kidonge cha unga mtupu, hakuna mamlaka itakayoisajili, hata kama wote waliomeza kimoja kati ya hivyo viwili walipona kuliko wasiomeza chochote. Iweje akupancha ipewe mizani yake peke yake? Kama kuchoma popote kunaleta karibu matokeo yaleyale, basi ujuzi wa miaka mingi wa kutafuta sehemu 361 hauna maana, na mgonjwa anauziwa plasebo, yaani tiba tupu kama kile kidonge cha unga, yenye mapambo.

---

Mpima Ushahidi

Ndugu Nondo Baridi, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote na sitaikwepa. Nitaijibu kwa sehemu mbili, na ya kwanza naikubali kabisa: ushahidi kwamba mahali hasa pa kuchoma pana umuhimu mkubwa ni dhaifu, na mtaalamu anayedai kwamba milimita chache zinatenganisha kupona na kutopona anadai kisichoungwa mkono na majaribio.

Sehemu ya pili ni kwamba sindano bandia si sawa na kidonge cha unga. Kidonge cha unga hakifanyi kitu chochote mwilini kwa kemia yake, lakini sindano iliyochomwa juujuu katika sehemu isiyo rasmi bado inapenya ngozi, inasisimua neva na kuamsha mifumo ileile niliyoieleza. Ukilinganisha sindano ya kina kirefu na sindano ya kina kifupi, kwa kweli unalinganisha dozi mbili za kitu kinachofanana. Ndiyo maana mwaka 1998 Konrad Streitberger alibuni sindano butu ambayo ncha yake hurudi ndani ya mpini, hivyo mgonjwa huhisi kuchomwa pasipo ngozi kutobolewa. Hata hiyo inagusa ngozi, na mguso wenyewe si kitu bure kwa mfumo wa fahamu.

Mzani mzuri zaidi tulio nao ni wa Andrew Vickers na wenzake, ambao badala ya kukusanya wastani wa makala zilizochapishwa waliomba takwimu za kila mgonjwa kutoka kwa watafiti wenyewe. Toleo lao la mwaka 2012 lilikuwa na majaribio 29 na wagonjwa 17,922, na lile la mwaka 2018 likafikisha majaribio 39 na wagonjwa 20,827, wote wakiwa na maumivu sugu ya mgongo, shingo, bega, goti au kichwa. Mfano wao wenyewe unaeleweka kwa urahisi. Chukua mgonjwa ambaye maumivu yake ni 60 katika kipimo cha 0 hadi 100. Mwisho wa jaribio, asiyechomwa angekuwa kwenye 43, aliyechomwa sindano bandia kwenye 35, na aliyechomwa sindano halisi kwenye 30.

Kwa hiyo tofauti kati ya halisi na bandia ipo na haikutokana na bahati, lakini ni alama 5 kati ya 100. Anayesema haipo anakosea, na anayesema ni kubwa anakosea zaidi. Tofauti ya alama 13 dhidi ya kutochomwa ndiyo ambayo mgonjwa anaihisi anapoinuka kitandani. Sehemu kubwa ya alama hizo 13 huenda inatokana na mambo yanayoizunguka sindano: matarajio, mapumziko ya nusu saa, na kusikilizwa na mtu asiye na haraka.

Ninyi mnaodharau hilo la mwisho, kumbukeni jaribio la Ted Kaptchuk la mwaka 2008 kwa wagonjwa 262 wenye utumbo wenye vurugu sugu. Wote waliochomwa walichomwa sindano bandia, lakini kundi moja lilihudumiwa kimya kimya na lingine likahudumiwa na mtaalamu mchangamfu aliyewauliza na kuwasikiliza. Waliopata nafuu ya kutosha walikuwa asilimia 28 kati ya waliosubiri tu, asilimia 44 kati ya waliohudumiwa kimya, na asilimia 62 kati ya waliosikilizwa. Ugonjwa ni tofauti na tunaoujadili, ila somo lake linaihusu kila tiba ya maumivu, ikiwemo ile ya vidonge.

---

Mama Wawili

Nawasoma kwa makini nikiwa mgonjwa, si mtaalamu. Nina kipandauso cha miaka mingi. Dawa ya kinga niliyoandikiwa ilinifanya nisahau maneno katikati ya sentensi, nikaiacha kwa ushauri wa daktari. Nimeelekezwa nijaribu akupancha, na nilipouliza kiasi gani cha nafuu nitarajie, niliambiwa kwamba «inategemea mwili wako», jibu ambalo halinisaidii kuamua chochote. Je, kwa kipandauso kuna majibu yaliyo wazi kuliko haya ya mgongo?

---

Mpima Ushahidi

Dada Mama Wawili, pole sana, na ndiyo, kichwa ndicho chenye ushahidi wa kuridhisha kuliko sehemu nyingine zote. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 22 yenye washiriki 4,985 wenye kipandauso cha kurudiarudia. Siku za maumivu zilipungua kwa nusu au zaidi katika asilimia 41 ya waliochomwa, dhidi ya asilimia 17 ya waliotibiwa tu pale shambulio lilipotokea. Katika majaribio yaliyotumia sindano bandia pengo ni dogo, asilimia 50 kwa waliochomwa halisi na 41 kwa waliochomwa bandia. Zilipolinganishwa na dawa za kinga, sindano hazikuwa nyuma, na waliochomwa hawakuacha tiba kwa sababu ya madhara kwa wingi kama waliokuwa wakimeza dawa. Kwa maumivu ya kichwa ya mkazo, yale yanayobana kama mkanda, picha inafanana.

Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoshauri huduma ya afya ya umma, unaruhusu hadi vipindi 10 katika wiki 5 hadi 8 kwa mtu ambaye dawa za kinga za mstari wa kwanza hazikumfaa. Kwa maelezo yako, hali yako iko karibu sana na hiyo. Peleka mazungumzo hayo kwa daktari wako, na usiache dawa unayotumia shambulio linapoanza, kwa sababu akupancha tunayoizungumzia hapa ni ya kupunguza idadi ya mashambulio. Haikusudiwi kulizima shambulio lililokwisha kushika.

---

Fundi wa Viungo

Naomba kuchangia kama mtaalamu wa fiziotherapia. Ninatumia sindano kwa baadhi ya wagonjwa, kwa hiyo nina maslahi katika jambo hili na ni haki yenu kulijua.

Uzi umeegemea maumivu sugu, yaani yale yanayodumu au kurudi kwa zaidi ya miezi mitatu, lakini wengi wanaokuja kuniuliza wana maumivu ya ghafla: kiuno kilichoshika jana, kifundo kilichoteguka, shingo iliyokataa kugeuka. Hapa tahadhari inahitajika zaidi. Maumivu ya ghafla mara nyingi ni taarifa kwamba kuna kitu kimeumia, na kiuno kilichoshika mara nyingi hulegea chenyewe ndani ya wiki chache, uchomwe usichomwe. Kwa sababu hiyo ni rahisi mno kwa mtoa tiba yeyote, mimi nikiwemo, kujipatia sifa za kazi iliyofanywa na muda.

Jaribio ninaloliheshimu lilifanyika katika idara za dharura za hospitali nne za Melbourne na kuchapishwa mwaka 2017. Wagonjwa 528 wenye kiuno, kipandauso au kifundo kilichoteguka walipewa ama akupancha peke yake, ama dawa peke yake, ama vyote viwili. Kwa ujumla makundi hayakupishana kwa kiasi cha maana. Wapenzi wa akupancha huishia hapo, lakini watafiti waliongeza kwamba baada ya saa moja hakuna kundi lililopata nafuu ya kutosha: chini ya asilimia 40 ndio waliokuwa na upungufu wa maana, na zaidi ya asilimia 80 bado walikuwa na maumivu ya angalau 4 kati ya 10. Kutoka sare na tiba iliyoshindwa si ushindi.

Baada ya upasuaji hali ni nzuri kidogo. Mkutano wa wataalamu ulioitishwa na taasisi za taifa za afya za Marekani mwezi Novemba 1997 uliyataja maumivu ya baada ya kung'olewa jino na kichefuchefu cha baada ya upasuaji miongoni mwa mambo ambayo akupancha ilionesha matumaini. Madaktari wa jeshi la Marekani nao wana njia yao ya haraka iliyobuniwa na Richard Niemtzow mwaka 2001, ya kuacha sindano fupi katika sehemu tano za sikio. Ninaiona inavutia kwa sababu haihitaji kumvua mgonjwa nguo wala kumlaza, ila majaribio yake bado ni madogo na sitaiwekea dhamana.

Jambo ambalo sitaki lipite kimya ni dalili zinazomtaka mtu aende hospitali na si kwenye sindano. Kiuno kinachouma pamoja na ganzi kati ya mapaja, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, ni dharura ya saa chache. Kichwa kinachopasuka ghafla kuliko wakati mwingine wowote maishani, maumivu ya kifua, maumivu ya mgongo yenye homa au kupungua uzito bila sababu, na maumivu baada ya kuanguka vibaya, yote hayo yachunguzwe kwanza. Nafuu inayoficha dalili kama hizo ni hatari kuliko maumivu yenyewe.

---

Mwana wa Mzee

Nashukuru kwa elimu. Swali langu ni la usalama. Baba yangu anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda na amewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, na goti linamtesa. Je, sindano si hatari kwake? Na kuhusu goti lenyewe, je, ninyi mngempeleka mzazi wenu?

---

Fundi wa Viungo

Ndugu yangu, nianze na takwimu za jumla ili usiogope kupita kiasi. Utafiti mkubwa wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia wagonjwa 229,230. Asilimia 8.6 waliripoti angalau dhara moja, na mengi yalikuwa alama ya damu chini ya ngozi au maumivu ya mahali palipochomwa; asilimia 2.2 walihitaji kutibiwa kwa dhara hilo. Wawili walipata tatizo la hewa kuingia pembeni mwa pafu na kulifanya lisinyae, jambo linalotokea sindano inapozama mno kwenye kifua, mgongo wa juu au sehemu ya juu ya bega. Ni nadra, lakini mtu anayebanwa pumzi baada ya kuchomwa sehemu hizo, hata ikiwa saa kadhaa zimepita, aende hospitali bila kusubiri kupigiwa simu na mtu yeyote.

Kwa mzee, dawa ya kuzuia damu kuganda haimfungii mlango moja kwa moja, ila mtoa tiba lazima aijue kabla ya kufungua sindano, achome kwa kina kifupi kuliko kawaida, aepuke sehemu zenye mishipa mikubwa, na abane palipochomwa baada ya kuitoa. Asiiache dawa hiyo hata kwa siku moja kwa ajili ya akupancha. Kwa kuwa ana kifaa cha moyo, sindano zenye umeme asiwekewe kabisa. Sindano ziwe mpya, zifunguliwe mbele yenu na kutupwa baada ya matumizi. Sindano zilizorudiwa zimewahi kueneza homa ya ini, na siku hizi hakuna sababu yoyote ya kuzirudia. Mkono au mguu uliovimba baada ya kuondolewa tezi za limfu usichomwe, na mama mjamzito aseme mapema, kwa sababu kuna sehemu ambazo wataalamu huziepuka.

Kuhusu goti, nitakuwa mkweli hata kama ni kinyume cha maslahi yangu. Miongozo yenyewe inagombana. Chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kiliikubali akupancha kwa masharti mwaka 2019. NICE ikasema mwaka 2022 isitolewe kwa viungo vilivyochakaa. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, na kupunguza uzito kwa mwenye uzito uliozidi, yana ushahidi imara zaidi. Ningempeleka mzazi wangu kwenye mazoezi kwanza, na kama maumivu yanamzuia hata kuanza mazoezi, hapo ningefikiria vipindi vichache vya sindano ili apate upenyo wa kuanza.

---

Nondo Baridi

Naona jambo linalonichekesha. NICE iliikubali akupancha kwa kiuno mwaka 2009, ikaifuta mwaka 2016, kisha mwaka 2021 ikairudisha kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kinachoonekana. Taasisi moja, miaka 12, misimamo mitatu. Hiyo sayansi au mawimbi ya bahari?

---

Mpima Ushahidi

Ndugu yangu, hapo ndipo ninapoona swali langu la mwanzo likifanya kazi yake. Mwaka 2016 kamati iliuliza kama akupancha inaishinda sindano bandia kwa kiuno, ikaona pengo ni dogo na haliko thabiti, ikaifuta. Mwaka 2021 kamati nyingine ilishughulikia wagonjwa ambao dawa nyingi za maumivu, zikiwemo za jamii ya afyuni, zilionekana kuwadhuru kuliko kuwafaa, na miongoni mwa machaguo machache yaliyobaki ikakubali kozi moja ya akupancha isiyozidi saa 5 za muda wa mtoa huduma, ikijua kwamba ushahidi mwingi ni wa miezi michache tu. Wamarekani nao walifuata mantiki hiyohiyo. Chuo chao cha madaktari kiliiweka akupancha mwaka 2017 miongoni mwa hatua za kwanza kwa maumivu ya kiuno kabla ya vidonge, wakati nchi ikiwa imezama katika janga la dawa za afyuni. Uamuzi wa namna hiyo hauisifu sindano peke yake, unazihukumu pia dawa zilizokuwa zikishindana nayo. Ungependa mizani moja kwa vyote, nami ningependa, lakini mgonjwa hachagui kati ya akupancha na sindano butu ya Streitberger.

---

Mama Wawili

Nimeamua kujaribu, na daktari wangu hakupinga. Swali langu la mwisho: nitajuaje kwamba inanisaidia na si kwamba ninajiaminisha? Na niache lini?

---

Mpima Ushahidi

Dada, anza kuhesabu kabla ya kipindi cha kwanza. Andika kwa wiki 4 siku ambazo kichwa kimeuma, ukali wake kati ya 0 na 10, na vidonge ulivyomeza. Bila hesabu hiyo hutajua lolote, kwa sababu watu huanza tiba mpya wakiwa katika kipindi kibaya kuliko vyote, na kipindi kibaya mara nyingi hufuatwa na kipindi cha afadhali hata kama hakuna kilichofanyika. Wengi wanaosema «nilichomwa nikapona» walikuwa wakielekea kwenye afadhali hiyo, na wengi wanaosema «nilichomwa bure» walikuwa na kipindi kimoja tu cha majaribio.

Kisha weka kikomo mapema, na ukiweke pamoja na mtoa tiba ili asikusogezee. Bima ya wazee ya Marekani, Medicare, tangu Januari 2020 hugharimia vipindi 12 ndani ya siku 90 kwa maumivu sugu ya kiuno. Anayeonesha nafuu huongezewa vipindi 8, na asiyeonesha huambiwa basi. Kwa kipandauso chako ningetumia kanuni hiyohiyo kwa kiwango kidogo zaidi: vipindi 6 hadi 10, kisha uhesabu tena siku zako kwa wiki 4. Kama zimepungua kwa theluthi moja au zaidi, endelea kwa kuachanisha vipindi taratibu, kwa kuwa takwimu za Vickers zinaonesha kwamba baada ya mwaka mmoja sehemu kubwa ya nafuu hubaki, ikiwa imepungua kwa takriban asilimia 15 tu. Kama hazikupungua, acha, na mtoa tiba akikwambia kwamba mwili wako unahitaji vipindi vingine 20 ndipo ufunguke, mshukuru na uende zako.